Mto wa Chanika Umejaa

Pugu, 6 Juni 1954

Ndugu yangu Sadallah,

Salaam nyingi zikufikie hapo Temeke, wewe na mama watoto. Mimi mzima, na leo sina hofu wala mashaka juu ya mtu yeyote, maana habari niliyonayo haikuacha nafasi ya hofu. Kaa kitako kwanza. Bwana Mkubwa amepanda meli kwenda kwao Ulaya kutibiwa mgongo, na hoteli yote hii ya mlimani ameniachia mimi. Si jiko, hoteli! Vyumba, bustani, madereva, funguo. Alisimama mbele ya watumishi wote akasema, "Kuanzia leo Adelard ndiye meneja." Mpishi wako wa vitani kule Bama, yule aliyeunguza wali wa afisa ukamcheka mpaka ukakaa chini, sasa anavaa tai.

Usicheke bado. Bwana atarudi mwisho wa mwaka. Akikuta mambo yamekwenda vizuri, kazi ni yangu moja kwa moja, pamoja na nyumba ya bati iliyo nyuma ya bustani, nami nitamwita Felicitas na watoto waje kutoka Bukoba. Unajua mwenyewe, tangu nioe mke wangu namwona likizo kwa likizo kama mtu anayeiba. Lakini akikuta mambo yamelala, narudi jikoni.

Na kusema kweli yamelala. Riziki yetu ni wageni wa meli. Meli ikitia nanga mjini, wakala wake anatuletea wazungu kwa magari, wale chakula cha mchana, watazame msitu wa Pugu, washuke. Wanakula, wanatazama, wanapiga miayo. Juzi bibi mmoja kaniuliza, "Afrika yenyewe iko wapi?" Nikamwonyesha miti. Akasema miti hata kwao ipo. Wakala naye ameshaniambia kwamba wakizidi kulalamika atawapeleka kwingine. Basi niombee wewe kwa dini yako na mimi niombe kwa yangu, tuone ipi inasikika haraka.

Ndimi rafiki yako,
Adelard

*

Temeke, 14 Juni 1954

Bwana Meneja,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa heshima ya tai. Hongera sana ndugu yangu. Ule wali nilishausamehe zamani, ila tumbo ndilo bado lina kinyongo. Mie ni yuleyule, lori lilelile la mbao, na tai yangu ni kitambaa cha kufutia jasho.

Huku nasi tuna furaha yetu. Unamkumbuka Chausiku, mtoto wa dada yangu Mwanabaraka wa kule Chanika? Yule aliyekuwa akilikimbilia lori langu akiimba? Amekuwa mtu mzima. Yumo ndani tangu mwaka jana, ni mwali, anafundwa na kungwi wake, na hakuna mwanamume aliyemwona toka siku ile. Jumamosi ya katikati ya mwezi wa nane tunamtoa, na siku hiyohiyo anaolewa. Mume ni Jabiri wa Mtoni, karani wa bandarini, kijana mpole. Mama yake ndiye mwenye maneno, lakini mama wa mume asiye na maneno nani kamwona?

Wewe mtu wa bara nikueleze kidogo. Mwali akitoka hubebwa begani, amefunikwa kanga gubigubi, ngoma inapigwa, wanawake wanacheza mpaka vumbi linapanda. Lakini uso haufunuliwi. Wa kwanza kuuona ni mumewe, chumbani. Heshima yake yote iko hapo, na ya mama yake, na yangu mie mjomba kuliko wote, maana kwetu Wazaramo mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa mtu mwingine. Likiharibika, watu hawamuulizi baba, wananiuliza mie.

Basi njoo ucheze. Nyumba yetu mgeni hakatazwi mlango.

Wako,
Sadallah

*

Pugu, 20 Julai 1954

Ndugu Sadallah,

Nimelala na barua yako chini ya mto wa kitanda, na nimeamka na wazo. Siku ya sherehe yenu ndiyo siku ya meli kubwa. Wakala ameniambia wazi kwamba hii ndiyo mara ya mwisho, wageni wakishuka wananung'unika basi Pugu kwaheri. Nimeonelea nije nao Chanika. Si wengi, wachache tu, waume kwa wake, watu wazima wenye adabu. Watakaa kando, watatazama ngoma, watakunywa chai yao nitakayowachukulia mwenyewe, halafu wataondoka. Hiyo ndiyo Afrika wanayoitafuta, nami sijui pengine pa kuitoa.

Niambie kama kuna ubaya. Ukisema hapana, nitaelewa.

Adelard

*

Temeke, 27 Julai 1954

Ndugu Adelard,

Barua imefika na tumeisoma pamoja na dada. Wageni wako ni wageni wetu, ubaya utoke wapi? Mwanabaraka amesema ataongeza mchele.

Ila nikupe habari za njia. Njia ya Chanika siku hizi ni mbaya sana. Mto wa pale bondeni umejaa, magari yanazama mpaka milangoni. Nisingependa watu wa watu waharibikiwe na nguo zao nzuri. Mbu nao ni wengi. Wazee wa kule pia wanasumbuliwa na vifua, makelele ya magari yanawatesa.

Lakini karibuni. Mgeni hakatazwi mlango.

Sadallah

*

Pugu, 16 Agosti 1954

Sadallah ndugu yangu, nikupe nini?

Sikupata nafasi ya kukuaga vizuri, ulikuwa umekaa na wazee umeinama, nikaona umechoka kwa shughuli. Wageni wangu wamerudi melini wanaimba! Yule mwenye ndevu nyekundu alijifunga kibwebwe, ulimwona? Wakala amenishika mkono mbele ya watu, akasema Pugu sasa ndiyo kituo chake cha kwanza.

Kuhusu mto, nilikuwa nimekodi magari yenye nguvu na kamba nene za kuvutia. Tukafika bondeni tukakuta pakavu, watoto wanacheza mpira katikati ya mto. Nikamshukuru Mungu, nikawaambia wageni hiyo ni bahati yao.

Jambo moja. Wale wenye kamera walipoomba mwali afunuliwe kidogo, nilikumbuka ulichoniandikia. Nilisita, Sadallah, nakwambia kweli. Kisha nikajiambia hawa si watu wa hapa, leo wako Chanika na kesho wako baharini, kuonwa nao ni kama kuonwa na ndege. Kungwi naye akasita, akamtazama dada yako, dada yako akakutazama wewe. Nikasema, "Ni wageni, mama." Akafunua. Mtoto ni mzuri jamani! Alifumba macho. Wageni wakapiga makofi mpaka nikaona haya ya furaha.

Msalimie bwana harusi. Mwambie ameokota lulu.

Wako wa daima,
Adelard

*

Pugu, 25 Septemba 1954

Ndugu Sadallah,

Kimya chako kinanipa wasiwasi. Nilimpa dereva Shomari mfuko wa sukari ampelekee Mwanabaraka kwa shukrani, akarudi nao. Amesema hakumkuta mtu. Chanika nzima hakumkuta mtu?

Huku mambo mazuri. Bwana Mkubwa ameandika kwamba mgongo haujapona na hatarudi tena, anaiuza hoteli kwa wakala wa meli, na wakala amenithibitisha. Meneja kamili, Sadallah, na nyumba ya bati nimeshapewa ufunguo. Felicitas ameshaaga kwao, migomba yetu amemwachia shemeji yake, atavuka ziwa na kupanda treni kabla ya mwezi wa kumi na moja.

Na picha ya Chausiku imetoka! Wakala ameifanya kadi ya kupeleka salamu, nzuri kweli, kila mgeni anaitaka. Nakutia moja humu ndani umpe mtoto aweke ukumbusho.

Sasa wageni wa kila meli wanauliza mwali. Huko kwenu kuna mwingine anayekaribia kutoka?

Nijibu basi.
Adelard

*

Temeke, 3 Oktoba 1954

Adelard,

Mwezi wa nane mto gani umejaa?

Nakuuliza wewe uliyekaa pwani miaka yote hii ukatukanwa na jua letu. Kiangazi, mwezi wa nane unaingia, visima vinakauka, wanawake wanagombania ndoo, mie nikakuandikia mto umejaa. Mtoto wa miaka saba wa huku angeelewa. Ulitaka niseme "usije"? Kwetu mtu haandiki "usije" kwa rafiki aliyelala naye handaki moja. Mtu anasema mto umejaa, na rafiki anakaa kwake, na siku ya pili wanakutana wakacheka. Wewe ukaleta kamba.

Na ulipofika nao mlangoni, ningefanya nini? Nilishasema karibu. Dada alinitazama, kweli. Nikainamisha kichwa. Hapo ndipo nilipomuuza mtoto wa dada yangu, kwa adabu.

Lakini sikiliza. Jabiri alistahimili. Walimwambia jioni ileile, akasema wageni ni wageni, yamepita, mke wangu ni wangu. Mama yake alinung'unika, yeye akamnyamazisha. Mwezi mzima walikaa vizuri, na mtoto alianza kuimba tena, dada aliniambia. Ndipo ikaja kadi yako. Imebandikwa ukutani bandarini, katika chumba anachofanyia kazi, maana huko ndiko mizigo ya wakala wako inakopita. Makarani wenzake hawajui ni nani. Wanaitania. Kila asubuhi mtu mzima anakaa kwenye kiti chake anasikia watu wakimsema mkewe, na hawezi kusema ni mkewe.

Alivumilia siku chache, akatoa talaka. Alilia wakati wa kuitoa, simlaumu. Chausiku amerudi Chanika na ameingia chumba kilekile cha uwali. Hatoki. Kungwi amemwambia mwali haingii ndani mara mbili, akajibu, "Basi mimi ndiyo wa kwanza."

Kadi yako nimeichoma. Usiniandikie.

Sadallah bin Marijani

*

Pugu, 10 Oktoba 1954

Sadallah,

Umesema nisiandike, nami naandika, sina namna nyingine ya kupiga magoti.

Nilishuka mjini siku ileile niliyoipata barua yako. Nilimwomba wakala aziondoe zile kadi. Akanisikiliza vizuri, akanikaribisha kiti, halafu akasema zimeshasafiri, ziko Mombasa, ziko Bombay, ziko Ulaya, nitazirudishaje? Akauliza kama yule binti amekasirika kwa sababu hakupewa zawadi. Nikamweleza habari ya uso. Akacheka, si kwa ubaya, akasema mbona ni uso mzuri. Nilikwenda pia Mtoni kwa Jabiri. Mama yake alinifungulia, akanipa maji ya kunywa, akafunga mlango.

Nilitaka kuacha kazi. Niliandika barua ya kuacha, nikakaa nayo mfukoni kutwa nzima. Lakini Felicitas yuko njiani na watoto, kwao ameshaaga, migomba imeshikwa na mtu mwingine. Nikiacha, nitawashusha stesheni niwapeleke wapi? Kwa hiyo sikuitoa. Nakueleza ili usije ukasikia kwa mtu.

Wakala anataka mwali kila meli. Nimemwambia ni haramu, akasema basi nimtafute mwanamke yeyote ajifanye. Nimetangaza kwa watumishi. Natumaini hatapatikana.

Sadallah, kwetu Bukoba mtu akikukataa anakukataa. Anasema hapana, unakasirika, mnakunywa, yanakwisha. Sikujua kwamba neno karibu linaweza kuwa mlango uliofungwa. Sisemi hivyo kujitetea. Najitetea, kumbe. Nisamehe.

Adelard

*

Chanika, 21 Novemba 1954

Kwa Mjomba Adelard,

Shikamoo. Ni mimi Chausiku wa Mwanabaraka. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo usicheke mwandiko.

Nimesikia kwa wanawake wanaopita dirishani wakitoka kisimani kwamba hoteli inatafuta mtu wa kuwa mwali siku za meli. Nitakuja mimi.

Usiniandikie kukataa. Nimeshafikiri sana, humu ndani hakuna kazi nyingine. Watu wa hapa wanapita mlangoni wanachungulia, kila siku, na wanaume wanataja jina langu kwa sauti ili nisikie. Wazungu angalau wanatazama mara moja wakaondoka. Hakuna atakayenioa tena, mama anazeeka kwa kunitazama, na mimi nitakula nini? Walionifunua wamenifunua.

Nina masharti. Ngoma yetu ya kweli isipigwe, wapige yoyote, wageni hawajui. Kungwi wangu asiitwe. Na mtu asinifunue tena. Nitajifunua mwenyewe, kwa mkono wangu, na macho nitayafumbua.

La mwisho ni hili. Mjomba Sadallah asijue kwamba nimeomba. Akijua nimekuja kwa miguu yangu, hatanipokea tena maisha, namjua, kwake heshima ndiyo chakula. Akikuuliza, mwambie umenilazimisha. Wewe anakuchukia tayari, haitamwongezea kitu. Mimi sina mjomba mwingine.

Chausiku

*

Temeke, 8 Machi 1955

Adelard,

Niliapa sitakuandikia, leo navunja kiapo changu.

Nimepita Pugu na lori. Watu wamenieleza, sikuamini, nikasimama nyuma ya ua wa hoteli yako kama mwizi. Nimemwona Chausiku akibebwa. Nimeona mkono wake ukivuta kanga. Nimeona amewatazama wale watu machoni.

Nijibu neno moja tu. Ni yeye aliyetaka, au ni wewe? Kama ni yeye, sina tena mtoto wa dada, na mama yake namkataza asilitaje jina lake mbele yangu. Kama ni wewe, nitajua la kufanya na moyo wangu.

Sadallah

*

Pugu, 13 Machi 1955

Sadallah,

Ni mimi.

Wakala alitaka msichana wa kwenye kadi, si mwingine, nami nilitaka kazi yangu. Nilituma mtu Chanika. Chausiku alipokataa, nilimtuma yule mtu tena. Nilimwambia mambo mabaya ambayo siwezi kuyaandika, kuhusu mama yake na njaa. Yule mtoto alikuja analia. Hata leo hataki, namlazimisha. Hayo macho uliyoyaona ni ya mtu aliyelazimishwa.

Usimkasirikie. Anakutaja kila mara. Ukimwita atakuja.

Adelard

*

Pugu, 31 Julai 1955

Ndugu yangu Sadallah,

Kesho kutwa tutafikisha miaka tisa tangu tushuke pamoja ile meli ya kutoka Bama, na nimekaa hapa kwenye nyumba yangu ya bati nakufikiria. Nyumba ni nzuri. Sakafu ni ya saruji. Felicitas ameona kila kitu na haniulizi. Siku za meli anafunga madirisha ya upande wa bustani na kuwaweka watoto ndani, halafu mimi nikirudi ananipa chakula. Miaka yote nilimtamani awe karibu, sasa yuko karibu na ni kama barua yake haijafika.

Kazi inakwenda vizuri mno. Kila meli wanapiga makofi. Nimekuwa mtu anayepongezwa, na kila nikipongezwa natamani ardhi inimeze. Yeye hunipita bila kunitazama, ananiamkia tu, "Shikamoo mjomba," na mimi najibu marahaba. Neno hilo linanichoma kuliko matusi yako yote.

Sina rafiki mwingine niliyelala naye handaki. Sitaki unisamehe. Nataka nije Temeke nikae kizingitini kwako, uniseme mbele ya watu mpaka uchoke, kisha nirudi. Niruhusu nije Jumapili yoyote. Ukisema hapana, nitaelewa.

Adelard

*

Temeke, 14 Agosti 1955

Kwa Bwana Adelard,

Salaam nyingi kwako na kwa mama watoto. Sisi hatujambo. Chausiku anakuja kwetu kila Ijumaa. Mke wangu anampikia, nami nakaa naye barazani, namwambia aliyekosa si yeye, alishikwa kwa nguvu. Hulia sana nikimwambia hivyo. Namwacha alie.

Barua yako imefika na tumefurahi kuipata. Karibu sana Temeke, siku yoyote upendayo. Nyumba yetu mgeni hakatazwi mlango.

Ila njia ya kuja huku siku hizi ni mbaya. Mto umejaa.

Sadallah bin Marijani